Askari wa Jela Akiumia, Nani Amlipaye?



Wako watakaostaajabu kuliona gazeti la wapinzani likimtetea askari wa jela. Watasema: hawa si ndio waliotufungia milango? Naam, upinzani wa Visiwa hivi waijua jela kwa ndani. Wanachama 18 wa CUF walikamatwa kuanzia mwishoni mwa mwaka 1997, wakashitakiwa kwa uhaini, wakakaa rumande takriban miaka mitatu hata wakaachiwa mwezi wa Novemba 2000. Hayo hatuyasahau. Lakini askari aliyezungusha ufunguo siye aliyeandika hati ya mashitaka, wala siye aliyenyima dhamana. Yeye ni mtu wa mshahara, katoka mitaa ileile tutokayo sisi, na akiumia kazini hubebwa kurejeshwa katika mitaa hiyohiyo.

Kazi yake si nyepesi. Hushinda amefungiwa pamoja na wale anaowafunga, akawahesabu asubuhi na jioni, mtu mmoja kati ya wengi. Hewa mbaya wanayoivuta wao aivuta na yeye, na kifua kikuu hakiulizi nani kavaa sare. Ugomvi ukizuka ni wajibu wake kuingia kati, na siku akikosekana mwenziwe hufanya zamu mbili. Juu ya yote, nidhamu ya kazi yake haimruhusu kupanda jukwaani akalalamika. Basi mtu aliyefungwa ulimi ana haki zaidi ya kusemewa.

Tutazame yaliyotokea Uingereza. Twaitaja nchi hiyo kwa kuwa tulikaa chini ya himaya yake tangu mwaka 1890 hata 1963 na tukarithi mengi katika mambo ya jela, na kwa kuwa hesabu zake huchapishwa wazi. Mwaka 1964 Serikali ya huko ilianzisha mpango wa kuwalipa fidia watu waliojeruhiwa na wahalifu, na askari wa jela anayepigwa na mfungwa ni miongoni mwa wanaoweza kuomba. Malipo yalikadiriwa kama mahakama ikadiriavyo: uchungu alioupata mtu, na mshahara alioupoteza.

Mwaka 1994 Waziri wa Mambo ya Ndani, Michael Howard, aliona gharama zinapanda. Akaweka orodha ya bei: mkono kiasi hiki, jicho kiasi kile, na mshahara uliopotea usihesabiwe mbali. Alifanya hivyo kwa amri yake, ingawa Bunge lilikwisha kupitisha sheria nyingine mwaka 1988 iliyokuwa ikingoja kutiwa nguvuni. Vyama vya wafanyakazi, kikiwamo cha wazima moto, vilimpeleka mahakamani, na mwezi wa Aprili 1995 majaji wa Baraza la Malodi, watatu dhidi ya wawili, waliamua kuwa waziri amevunja sheria. Orodha ya bei ilirudi mwaka uleule, lakini safari hii ilipita katika Bunge, ikajadiliwa.

Mwaka 1994 huohuo ilitungwa sheria nyingine iliyowakataza askari wa jela kugoma. Walinyang'anywa silaha ya mwisho ya mfanyakazi, wakaambiwa waitegemee huruma ya Serikali. Huruma hiyo ilionekana mwaka 2012. Majeraha ya daraja tano za chini, yaliyokuwa yakilipwa baina ya pauni 1,000 na pauni 2,000, yalifutwa karibu yote. Jeraha lililolipwa pauni 2,500 likashushwa hadi pauni 1,000. Aliyepoteza mshahara akapimiwa kwa kima kidogo cha posho ya ugonjwa, wala si kwa mshahara wake. Mwezi wa Septemba mwaka huo hata wabunge wa chama kinachotawala waliukataa mpango huo, waziri akauondoa. Mwezi wa Novemba ukarejeshwa vilevile, ukapita.

Na wakati fidia ikipunguzwa, askari nao walikuwa wakipunguzwa. Baina ya mwaka 2010 na 2014 zaidi ya robo ya askari wa mstari wa mbele katika jela za Serikali za England na Wales waliondolewa. Matokeo yake ni haya: mwaka 2010 mashambulio dhidi ya watumishi wa jela hayakufika 3,000, mwaka 2024 yalipita 10,000. Mwezi wa Aprili 2025, katika jela ya Frankland, askari watatu walimwagiwa mafuta ya moto na kuchomwa kwa vyuma vilivyochongwa. Na umri wao wa pensheni umefungamanishwa na ule wa raia wote, ambao kwa vijana waweza kufika miaka 68, hali ya kuwa polisi na mzima moto wamewekewa 60. Ni nani atakayetaka kuzuia ugomvi wa vijana naye ana miaka 67? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mtetezi wa Hazina atasema kwamba fedha hazitoshi. Twamjibu kwamba gharama ya mguu uliovunjika haifutiki kwa kufutwa katika daftari. Huhama tu. Huondoka katika Hazina ikaingia nyumbani mwa askari: mkewe akauza dhahabu zake, mtoto akatolewa chuoni, ndugu akakopa. Huko si kubana matumizi, ni kumtwisha mnyonge deni la Serikali.

Mwingine atasema kuwa wako askari wakatili. Hapana shaka wako, na anayempiga mfungwa apelekwe mahakamani kama mhalifu mwengine. Lakini fidia ya jeraha si zawadi ya ukatili. Askari ajuaye kwamba akiumia hana wa kumtazama ana njia tatu: kuacha kazi, kufumba macho wanyonge wanapoonewa ndani, au kuwa wa kwanza kupiga. Katika njia zote tatu mwenye kuumia mwisho ni mfungwa. Kwa hiyo sisi ambao watu wetu wamelala ndani ya kuta hizo tuna sababu ya pili, mbali na insafu, ya kutaka askari alindwe.

Hapa kwetu jela yaitwa Chuo cha Mafunzo. Jina ni zuri. Basi na tuulize kwa jina hilo: mwalimu wa chuo hicho akivunjika mkono, alipwa nini, kwa sheria ipi, na baada ya siku ngapi? Haya si maswali ya fitina, na jibu lake yafaa lijulikane na kila askari kabla hajavaa sare.

Rai yetu ni hizi. Kwanza, vima vya fidia viwekwe na sheria inayojadiliwa hadharani katika Baraza la Wawakilishi, visibadilishwe kwa waraka wa ofisini. Pili, askari aliyeumia kazini apokee mshahara wake kamili hata apone, au hata daktari aseme hatapona. Tatu, ugonjwa wa moyo na akili utokanao na kazi hiyo uhesabiwe jeraha. Nne, idadi ya askari na ya waliojeruhiwa itangazwe kila mwaka.

Dini yetu yatufundisha kwamba mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Ikiwa jasho lina haki hiyo, damu je? Kila mwanachama na amwendee Mwakilishi wake, awe wa chama chetu au wa chama kingine, amuulize swali hilo, na ajibiwe kwa maandishi.