Msimamizi wa Mirathi si Mwenye Mali

Mwezi huu sitazungumza habari za homa wala uji wa mtoto. Nataka tuzungumze juu ya kiti kimoja, kile cha mjane siku ukoo unapokutana baada ya matanga. Mara nyingi kiti hicho hakipo. Mjane yuko jikoni anawapikia wageni, na huku nje mambo yake yanaamuliwa.

Nimefanya kazi ya uuguzi Ngara na Biharamulo kwa miaka mingi, na siku za Jumamosi tunatembelea wafiwa pamoja na akina mama wa kanisani. Mmoja wa hao, jina lake naliacha, alifiwa na mume wa ndoa akabaki na watoto wanne, nyumba ya bati na shamba la migomba na kahawa. Kikao cha ukoo kilimchagua shemeji yake awe msimamizi wa mirathi. Mama aliweka dole gumba kwenye karatasi ambayo hakusomewa. Kahawa ilipoiva, shemeji aliingia shambani na wachumaji wake. "Shemeji, mahakama imenipa mimi," alimwambia. Naye aliamini. Tulipofika kwake alikuwa amekwisha kufunga nguo zake arudi kwao.

Ndugu msomaji, kile shemeji alichopewa na mahakama ni kazi. Msimamizi hukusanya mali ya marehemu, hulipa madeni yake, kisha huwagawia warithi kilichobaki. Katika Mahakama ya Mwanzo sheria inampa miezi minne kupeleka orodha ya mali na madeni, na baadaye lazima atoe hesabu ya jinsi alivyogawa. Akijilia, mrithi arudi katika mahakama ileile iliyomteua akaeleze. Hakimu anaweza kumwita, na anaweza kumwondoa. Na hakuna sheria inayosema msimamizi lazima awe mwanamume. Mjane mwenyewe anaweza kuomba.

Tulikwenda na yule mama mahakamani. Karani alifungua jalada, ndani hamkuwa na orodha yoyote. Shemeji akaitwa. Sitawadanganya kwamba kila kitu kilirudi. Fedha za kahawa ya msimu ule zilikwisha kuliwa. Lakini shamba na nyumba viliandikwa kuwa mali ya marehemu, na watoto wakaandikwa kuwa warithi, na yule mama akafungua mzigo wake wa nguo.

Hapa niseme jambo la kazi yangu mwenyewe. Mirathi huanza na cheti cha kifo, na cheti huanza na maneno tunayoandika sisi wodini. Ndugu wakija na haraka ya mazishi hututajia jina la nyumbani. Marehemu ni Yohana katika cheti cha ubatizo, katika hati ya shamba anaitwa kwa jina la babu yake, benki wanamjua kwa jina la tatu, na sisi tumeandikiwa "Baba Neema". Miezi inapita, mjane anazunguka kutafuta kiapo cha kuthibitisha kwamba watu hao wote ni mtu mmoja, na kila safari ni nauli. Kwa hiyo muuguzi akikuuliza jina, toa lile lililo kwenye karatasi zake. Kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Kama alifia nyumbani, anza kwa mtendaji wa kijiji. Cheti chenyewe hutolewa kwa msajili wa wilaya. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa visikae katika sanduku la mtu mwingine. Na niseme ukweli unaouma: wanaofungua masanduku ya mjane mara nyingi si wanaume. Ni sisi mawifi.

Wengine huniuliza, "Sista, mbona mila inasema mwanamke harithi?" Mila yenyewe iliandikwa. Katika tangazo la serikali la mwaka 1963 iliandikwa kwamba mjane hana sehemu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Atatunzwa na watoto wake. Binti naye aliruhusiwa kutumia ardhi ya ukoo bila kuiuza. Wengi hapa kwetu wamelishwa maneno hayo hata wakadhani yametoka mbinguni. Lakini mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakadai urithi wa baba yao, wakapewa.

Na mkoani mwetu Kagera alikuwapo mwanamke aliyesimama. Bibi Holaria Pastory alirithi shamba kwa baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000. Kijana wa ukoo akaenda mahakamani kupinga, kwamba mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilimkubali huyo kijana. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inapingana na Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikatamka kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili.

Vita haikwisha. Wajane wawili wa Shinyanga walifungua kesi kuhusu zile kanuni za 1963. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba ni za ubaguzi, lakini haikuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake ikasema Tanzania iliwavunjia haki zao.

Jambo jingine ni lile la kurithiwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mjane yu huru kuishi apendapo, kubaki bila mume au kuolewa na amtakaye, mila iseme itakavyo. Sisi wa Kagera, ambako UKIMWI uligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1983, tumeona wodini gharama ya kumrithi mjane kwa nguvu. Sitaendelea, mnajua.

Siku ya kikao, basi, mwenzako aachwe aketi, na wewe ushike mwiko. Muhtasari usomwe kwa sauti kabla ya mtu yeyote kutia sahihi au dole. Majina ya watoto wote yawemo, hata yule mchanga. Asiporidhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo, ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Msizimalize kwa kungoja ukoo ukutane tena.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya wosia, na kwa nini waume zetu wanaogopa kuuandika.