Tovuti ya Staa, Bando la Shabiki

Wapo mastaa Bongo wanaozindua tovuti kwa mbwembwe: zulia jekundu, keki, picha za kufa mtu. Siku hiyo tovuti inaoneshwa kwenye skrini kubwa ya ukumbini, inang'aa kinoma. Kesho yake shabiki wa Kiberege, kule njia ya Ifakara, anaifungua kwenye simu ya inchi tano. Maandishi madogo kama sisimizi. Akiyakuza kwa vidole viwili, mstari unatoka nje ya kioo. Anasukuma kulia, anarudi kushoto, mstari wa pili keshaupoteza. Bando linakata hajajua shoo ni lini wala kiingilio ni bei gani.

Halafu staa analalamika mashabiki hawasomi. Jamani, wasome nini?

Hapa hakuna uchawi. Mwaka 2010 mbunifu wa Marekani, Ethan Marcotte, alishaeleza namna ya kutengeneza ukurasa mmoja unaojipanga wenyewe kulingana na upana wa kioo. Mwaka 2015 Google ikaanza kuzipandisha kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu pale mtu anapotafuta kwa simu. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG 2.1, uliotoka 2018, unataka maandishi yasomeke kwenye upana wa pikseli 320 bila kusukumwa kulia na kushoto. Fundi anayelipwa leo hana kisingizio.

Na siyo mambo ya burudani tu. Binti wa Kiberege aliyemaliza kidato cha sita akikutana na fomu ya chuo ambayo kitufe cha kutuma kimejificha nje ya kioo, anapanda gari hadi Ifakara kumlipa mtu wa stesheneri amjazie kwenye kompyuta. Nauli imeenda, hela ya huduma imeenda, na nywila yake imebaki kwa mtu baki. Hiyo ndiyo gharama ya ukurasa mbovu, na anayeilipa siye aliyeutengeneza.

Dawa ni kupanga ukurasa kwa ajili ya simu kwanza, kompyuta baadaye. Maandishi yakae safu moja, herufi ziwe za kutosha, picha zipunguzwe uzito, kitufe kibonyezeke kwa dole gumba. Na kabla ya kukata keki, mwenye tovuti aazime simu ya bei chee, akae nayo juani, aisome tovuti yake mwanzo mwisho. Akishindwa yeye, wa Kiberege alishashindwa zamani.