Samaki wa Mapambo na Furu wa Ziwani

Wako watu wadhanio kwamba nyumba ya mwenye mali haijatimia mpaka sebuleni pawe na tangi la kioo lenye samaki wadogo wa matumbawe. Pwani fikira hiyo yaweza kuwa na udhuru. Shinyanga na Geita, mamia ya kilomita kutoka baharini, haina. Maji ya tangi hilo hayana budi kutiwa chumvi kama gramu 35 kwa kila lita. Yakipungua kwa joto, chumvi hubaki na ukali wake huzidi. Umeme ukikatika, pumzi ya samaki hukatika. Na wengi wao hunaswa miambani, hawakuzaliwa kwa mfugaji. Huo si ufugaji, ni kifungo cha mgeni.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mkoa wa Geita umepakana na Ziwa Viktoria, na katika miamba ya ziwa hilo huishi furu waitwao mbipi. Mmoja wao, ambaye dume lake ni jekundu mgongoni na manjano ubavuni, alipewa mwaka 1985 jina la nyererei kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Mwaka 1998 ukoo wake ukaitwa Pundamilia, neno la Kiswahili lisilobadilishwa hata herufi. Wafugaji wa Ulaya na Marekani humjua kwa jina hilo. Je, ni wanafunzi wangapi wa Geita wamjuao?

Mtu aweza kujibu: basi furu na wafugwe majumbani. Ni kweli kwamba aina kadhaa zimehifadhiwa ng'ambo katika matangi, baada ya sangara, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, kuziangamiza nyingi katika miaka ya 1980. Lakini kioo si ziwa. Watafiti walionyesha mwaka 1997 kwamba jike humchagua dume kwa rangi. Maji yakijaa tope rangi haionekani, na aina mbili huchanganyika zikawa moja. Basi tope litokalo katika ardhi iliyovuliwa miti, iwe kwa jembe au kwa sururu ya mchimba dhahabu, laweza kufuta aina nzima pasipo mzoga mmoja kuonekana.

Apendaye samaki wa rangi na aanze kwa kupenda maji maangavu. Gharama ya tangi la bahari na igeuzwe miche ya kushika udongo ukingoni mwa ziwa, na jina la mbipi lifundishwe shuleni. Pambo lisilolindwa kwake halina haki ya kutafutiwa mwenzake ugenini.