Babu, picha haijaiva!

Wiki hii nina kesi na babu yangu wa Tabora, na chanzo chake ni kamera ya plastiki.

Dude lenyewe linaitwa Holga, lilianza kutengenezwa Hong Kong mwaka 1982. Mwili plastiki, lenzi plastiki. Mkanda mmoja unatoa picha 12 tu, na mwanga unapenya pembeni kama kwenye bati lililotoboka. Washkaji wananicheka: "Simu unayo, hilo la nini?" Jamani, raha yake ni kwamba hujui utapata nini. Pembeni giza, katikati panang'aa, mtu anatoka kama umemwota.

Basi nikampeleka babu Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa Livingstone enzi za misafara. Babu kavaa kanzu na koti lake la sikukuu, kashika bakora, kasimama chini ya mwembe. Nikafyatua. Akanyoosha mkono:

"Haya, nione."

"Bado babu, mkanda mpaka ukasafishwe."

"Wapi?"

"Nairobi."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu, Livingstone aliwangoja wapagazi hapa hapa, tangu Machi mpaka Agosti 1872. Na mimi unanipa zamu hiyo? Nina miaka 84!"

Nikaona ni utani tu. Ikapita miezi mitatu ndipo rafiki yangu akarudi na bahasha. Wakati huo babu kalazwa, na mimi usingizi sina. Naifungua huku mikono inatetemeka: picha tano zimeungua, mbili zimepandiana kwa sababu nilisahau kuzungusha mkanda. Ya babu ipo! Uso safi kabisa, ila mstari mweupe umemla bega na bakora.

Nikapanda basi siku hiyo hiyo. Nilimkuta karudi nyumbani, kakonda. Akaitazama weee, kisha akasema: "Ndiye mimi. Bakora yangu umeipeleka wapi?"

Nilicheka, lakini machozi yalikuwa karibu.

Holga siiachi, utamu wake naujua. Ila mzee akisimama mbele yako, mpige kwanza kwa simu, ajione, ndipo ucheze bahati nasibu yako. Kungoja ni raha kwa mwenye muda.

Tukutane wiki ijayo!