Tuandike Amri Zinazoeleweka Kila Mahali

Muhula huu wenzetu wa Chama cha Kompyuta wametunga programu ya kuhesabu vitabu vya maktaba, na kwa kweli ni nzuri. Katika mashine zetu, ambazo ni za Fedora, ilijengwa bila taabu. Ilipopelekwa shule ya jirani, wenye mashine za Ubuntu, haikujengeka. Wenyeji wakasema kazi ni mbovu. Wenzetu wakajibu kwamba mashine ndizo mbovu. Mimi naona pande zote mbili hazikusema kweli.

Faili la amri za kujengea lilianza kwa kumwita mkalimani aitwaye sh. Jina ni moja, ila anayeitika si mmoja. Wa asili aliandikwa na Stephen Bourne, akatoka na Unix ya 7 mwaka 1979. Mwaka 1989 Brian Fox alitoa bash, mwenye nyongeza nyingi, naye katika Linux nyingi ndiye aliyeitika jina hilo. Watu wakazoea nyongeza zake. Kisha mwaka 2006 Ubuntu ikamweka dash, mwepesi zaidi, ili mashine iwake upesi. Debian ikafuata mwaka 2011.

Basi tazameni jambo dogo. Kulinganisha maneno mawili ndani ya mabano ya mraba, alama ya kanuni ni =. Bash hupokea pia ==, hata anapoitwa kwa jina la sh, kwa hiyo hamwonyi mwandishi. Dash huikataa. Lakini hasimamishi kazi! Hunung'unika mstari mmoja, huhesabu kwamba maneno hayafanani, kisha huendelea. Ujenzi hufuata njia isiyo yake, nao huanguka mbali sana na palipo kosa. Nani atatazama nyuma mistari mia mbili?

Wako wasemao kwamba bash yupo kila mahali, ya nini kujinyima? Hayupo: FreeBSD haiji naye. Anayemhitaji kweli, na amtaje waziwazi katika mstari wa kwanza. Hiyo ni haki yake. Kumwita sh na kumtarajia bash ndiko nisikokubali.

Namwomba Mwalimu wa Chama aweke dash katika kompyuta moja tu, ile ya karibu na dirisha, na programu isiyojengeka hapo isitoke shuleni.