Tumbo Lililofunga Halingoji Malipo

Mgonjwa anayetapika, tumbo limemvimba, hapati choo wala hatoi hewa, hana siku za kungoja. Kila muuguzi na kila daktari wa Kasongo na Kabambare, huku mashariki mwa Kongo, anadaiwa kumhudumia kwa msingi huo.

Miongoni mwa mambo yanayoziba utumbo, lipo moja adimu na katili: utumbo mwembamba kuuzunguka mwisho wa utumbo mpana, vikafungana fundo. Damu hukatika pande zote mbili, na utumbo huweza kuoza ndani ya saa chache. Mwaka 1967 daktari mpasuaji J. J. Shepherd alichapisha habari za wagonjwa 92 wa fundo hilo katika nchi jirani ya Uganda. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba ni ugonjwa wa mbali.

Kuutambua kabla ya kupasua ni vigumu: matapishi huelekeza kwenye utumbo mwembamba, picha ya eksirei huelekeza kwenye utumbo mpana. Hatumdai muuguzi wa kituo cha afya ataje jina la ugonjwa. Tunamdai azuie chakula na dawa za kuharisha, atundike dripu, apitishe mpira puani hadi tumboni, aandike saa, kisha ampeleke mgonjwa saa hiyohiyo. Daktari naye, akishuku fundo, asipoteze muda kujaribu kuzibua kwa mpira kutoka njia ya haja kubwa. Apasue. Utumbo uliokwisha kuwa mweusi hukatwa. Kulazimisha kulifungua fundo ni kuhatarisha utumbo upasuke na kumwaga uchafu tumboni.

Katika miaka ya 1970, Kasongo, pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, ilionyesha jinsi vituo vya afya na hospitali vinavyoweza kuwa huduma moja, kila ngazi ikijua kazi yake. Urithi huo haulindwi kwa kusifiwa. Unalindwa pale mgonjwa wa kijiji cha Kabambare anapopata pikipiki usiku, na kukuta damu, nusukaputi na mafuta ya jenereta tayari.

Hayo ni wajibu wa serikali ya jimbo na wa wakuu wa zoni za afya. Wajibu wa hospitali ni mmoja usio na mjadala: kupasua kwanza, kuhesabu faranga baadaye. Anayemwacha mgonjwa mlangoni kwa sababu ya malipo amekiuka kiapo chake, na awajibishwe.