Jiwe linapimwa, samaki wetu hapimwi

Ingia depo yoyote ya madini hapa Likasi. Mchimbaji anateremsha mfuko, negosia anachukua Metorex, analenga jiwe, na kisha dakika moja kila mtu anajua: shaba kiasi hiki, kobalti kiasi hiki. Wanabishana, wengine wanatukanana, maana kila pointi ni franka. Kabla ya kuvuka mpaka, CEEC nayo ina kazi ya kuthibitisha thamani ya madini hayo. Jiwe letu halitoki Katanga bila kuulizwa lina nini ndani.

Sasa nenda sokoni. Juma lililopita nilimuuliza mama mmoja anayeuza tilapia na kambale wa ziwa Tshangalele: samaki hawa nani amewapima? Akacheka. "Papa, mimi nauza kwa fungu, si kwa kilo." Hakuelewa swali langu, na kosa si lake. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Tshangalele si ziwa la asili. Ni maji ya Lufira yaliyozuiwa na ukuta wa Mwadingusha tangu 1930, ili viwanda vipate umeme. Na juu yake, kwenye mkondo, tuko sisi Likasi, pamoja na Shituru, ambako shaba na kobalti zinatolewa kwa asidi tangu siku za Union Minière. Maji machafu yakishuka yanafuata mito ya Panda na Buluo, yanaingia Lufira, yanatua ziwani. Ukuta unazuia matope, matope yanashika madini, samaki anatafuta chakula ndani ya matope. Hata kama viwanda vyote vingefungwa leo, matope ya miaka karibu mia yangebaki pale pale.

Haya si maneno ya mtaani. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya mkojo wa wakaaji wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Kobalti waliyoikuta ilikuwa nyingi kuliko ile iliyowahi kuandikwa popote duniani kwa raia wa kawaida. Mwaka 2016 yakatoka matokeo ya watafiti wengine, safari hii juu ya samaki wa Tshangalele wenyewe, na kobalti ilikuwa nyingi mno. Yalisomwa Ulaya. Sokoni kwetu hakuna karatasi hata moja iliyobandikwa.

Najua nitajibiwa kwamba babu zetu walikula samaki hawa na hawakufa. Nani alihesabu? Risasi, nasema madini, si ile ya bunduki, haiangushi mtoto siku moja. Inamharibu akili polepole, na sisi tunasema ni mzito darasani. Kadimi inatafuna figo kwa miaka mingi. Kobalti ikizidi inagusa moyo na tezi ya shingo. Wengine wanasema tumkaange vizuri. Moto unaua vijidudu, hauondoi madini. Ukimkausha samaki, maji yanatoka, madini yanabaki. Na wale wadogo tunaokula na bukari wakiwa wazima, pamoja na matumbo? Ini, figo na matamvua ndimo madini mengi hujikusanya kuliko kwenye nyama.

Jirani zetu Wazambia waliamka tarehe 18 Februari 2025, bwawa la taka la Sino-Metals lilipopasuka kule Chambishi. Samaki walielea mtoni, Kitwe ikakatiwa maji, dunia nzima ikasikia. Huku kwetu samaki haelei. Yuko hai, amenona, macho yanang'aa. Kwa hiyo hakuna waziri anayekuja.

Wasiniambie hakuna pesa. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inasema 15 kwa mia ya redevansi inaenda kwa mji au seferi palipo mgodi, na 25 kwa mia kwa jimbo. Kobalti inalipa 10 kwa mia tangu ilipoitwa madini ya kimkakati. Pesa za kumpima samaki zimo humo humo.

Ninachoogopa ni wakubwa kuamka vibaya: polisi sokoni, mabeseni ya mama yananyang'anywa, wavuvi wa Kapolowe wanafukuzwa ziwani bila kazi nyingine. Huo utakuwa wizi wa pili. Kwanza tupimiwe. Metorex ya depo haitoshi, hiyo ni ya jiwe. Samaki anahitaji maabara ya kweli, na Lubumbashi ni kilomita 120 tu. Samaki wachukuliwe kila miezi mitatu, kila aina, kila pwani, na majibu yasomwe redioni kwa Kiswahili, ili mama mwenye mimba ajue yupi amwache na yupi amle. Gharama ya maji machafu ailipe aliyeyamwaga.

Bajeti ya mji itakapojadiliwa, nitakuwa mlangoni na mikrofoni yangu. Bwana meya, swali ni moja: mstari wa samaki uko ukurasa gani?